Ngazi Iliyobaki kwa Mwalimu

Mtaani walimwita Mama Ngazi, na hata jirani wa ukuta kwa ukuta ukimuuliza jina lake halisi angekuna kichwa kwanza. Halikuwa jina la kumkejeli. Mumewe alikuwa fundi wa dari, na kazi ya Mama Ngazi ilikuwa kushika ngazi isiteleze, kukata mbao, kupima bodi na kuzipandisha juu moja moja. Zamani mumewe alifanya kazi na vijana. Lakini vijana wale, ukiwapa kisogo tu, mmoja yuko kwenye simu, mwingine yuko dirishani anaangalia wapita njia, ngazi imeachwa ijishike yenyewe. Siku mume alipoletwa nyumbani mkono uko kwenye plasta kwa mara ya pili, Mama Ngazi alifunga meza yake ya mitumba, akavaa suruali kuukuu ya mumewe, akaikunja miguu, akasema, "Kuanzia leo ngazi naishika mimi. Ukianguka tena, angalau utamjua aliyekuangusha." Binti yao alikuwa ameshaolewa mbali, nyumbani hakuna wa kumsubiri, basi wakawa wanatoka pamoja asubuhi na kurudi pamoja jioni, vumbi moja, kikapu kimoja cha chakula.

Mume naye hakuitwa jina lake. Walimwita Kimbaumbau, maana alikuwa mrefu halafu mwembamba, shati likimkaa kama limetundikwa. Huo wembamba ndio ulikuwa mtaji wake. Alipenya kwenye mbao za paa mahali ambapo mtu mwenye tumbo la kawaida angekwama akalia.

Kazini walikuwa na taratibu mbili, na kila aliyewahi kuwaita alizijua, apende asipende. Ya kwanza, mtu wa juu hanyamazi. Ndani ya dari ni giza, kuna nyaya za zamani zilizoliwa na panya, kuna mbao zilizooza ambazo ukizikanyaga umekwisha, na aliye chini haoni kitu. Kwa hiyo Kimbaumbau aliongea mfululizo. Alilalamikia vumbi, akalalamikia fundi aliyetangulia, akaimba kwa sauti mbovu, akasimulia mambo ya majirani mpaka mwenye nyumba anaacha kazi zake kusikiliza. Akinyamaza, Mama Ngazi alichukua mpini wa ufagio akagonga dari mara mbili, ko ko, na yeye kule juu akagonga mara mbili kujibu. Asipojibu, mke anapanda. Mara moja tu ndiyo alilazimika kupanda, akamkuta mzee amelala usingizi juu ya boriti ya mbao, anakoroma. Alimsema wiki nzima.

Utaratibu wa pili ulihusu nyumba zinazovuja. Wakishaziba, ngazi haiondoki. Inabaki pale pale chini ya doa mpaka mvua inyeshe tena. "Kuziba jua likiwaka kila mtu anaweza," Kimbaumbau aliwaambia wateja. "Tungoje mvua, ndipo tutajua nimeziba au nimewadanganya." Wengine waliona ni fundi mwenye maringo. Wengine walikuwa wanaipitia ngazi sebuleni kwa miezi, wanajigonga, wanalaani, na mvua ikija na dari ikiwa kavu wanampigia simu kwa furaha utadhani wamejifungua.

Ndivyo ngazi ilivyobaki sebuleni kwa Mwalimu, mama mmoja mstaafu anayeishi peke yake, mwanzoni kabisa mwa kiangazi. Ilikuwa kazi yao ya mwisho kabla ya Kimbaumbau kulala kwa homa.

Homa yenyewe ilianza kama homa yoyote. Akameza dawa za malaria, ikatulia kidogo, ikarudi. Akapewa vidonge vya taifodi, vikamchafua tumbo, homa iko pale pale. Jioni inapanda, asubuhi shuka limelowa. Akaanza kukonda, na mtu mwenyewe hakuwa na cha kupunguza. Upande wa kushoto chini ya mbavu kukavimba kitu kigumu. Siku alipopiga mswaki na kutema damu, Mama Ngazi aliacha kusubiri, akamwita wifi yake.

Wifi huyu, dada mkubwa wa Kimbaumbau, alikuwa na duka la vitambaa na sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara bila kuhitaji simu. Alimpenda mdogo wake kufa, lakini ile kazi ya kutambaa kwenye dari za watu ilimkera tangu zamani. Akaleta gari la jirani, wakambeba mgonjwa, na kule mapokezi walipouliza anafanya kazi gani, wifi akawahi kujibu: "Mkandarasi." Mama Ngazi alimtupia jicho tu. Haukuwa wakati wa kubishana. Basi kuanzia hapo madaktari wakajua wana mgonjwa wa ofisini, mtu wa kiti na kiyoyozi, na vipimo vikaenda hivyo. Malaria hakuna. Taifodi hakuna. Kifua kikuu hakijaonekana. Na mtu anazidi kwisha.

Wodi ilikuwa ndefu, kuta zimepakwa rangi ya kijani mpaka kimo cha mtu na kwenda juu nyeupe. Mama Ngazi, kwa mazoea, aliangalia dari kwanza. Bodi mbili zilikuwa zimelegea karibu na taa na moja ilikuwa na doa la maji. Alitaka kumwonyesha mumewe, amsikie akimkashifu fundi. Kimbaumbau hakuinua hata jicho. Siku ya kwanza alikuwa anajibu kwa neno moja moja, siku zilizofuata akawa anaguna, halafu hata kuguna kukaisha. Hapo ndipo Mama Ngazi alipoogopa kweli kweli. Si ile homa, si ile damu. Alikuwa amekaa miaka yote chini ya mtu anayeongea, na sasa mtu wa juu amenyamaza. Alikunja kidole akagonga chuma cha kitanda, ko ko. Akasubiri. Akagonga tena. Mgonjwa wa jirani akamwangalia kwa huruma, akidhani mama wa watu ameanza kuchanganyikiwa.

Akaletwa daktari wa damu, mwanamke kijana mwenye nywele fupi na viatu bapa, anayeongea polepole mpaka unatamani kummalizia sentensi. Walimchoma Kimbaumbau sindano kwenye mfupa wa nyonga, wakatoa uboho wa ndani ya mfupa ili wakaupime. Siku ya pili yake daktari akawaita wote wawili, mke na wifi, kwenye chumba kidogo chenye mzani mbovu na viti viwili, yeye akabaki amesimama.

"Ugonjwa wake una jina refu sana, sisi wenyewe tunaufupisha tunauita HLH," alisema. "Niwaeleze hivi. Mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu. Adui akiingia wanaamka, wanapigana, wakimaliza wanarudi kulala. Huyu, wa kwake wameamka na hawataki kulala. Wamepagawa. Tumewaona kwenye darubini wanakula chembe za damu yake mwenyewe. Ndiyo maana damu inapungua, ndiyo maana anavuja kwenye fizi, ndiyo maana wengu umevimba."

"Nani kawaamsha?" Mama Ngazi akauliza.

"Hilo ndilo swali. Kwa watu wazima karibu kila mara kuna kitu kimeanzisha. Saratani, au maambukizi. Tukikijua tunakitibu, na nafasi yake inaongezeka. Tusipokijua tunabahatisha. Amewahi kuingia pangoni? Anafuga kuku? Amekaa mahali penye popo?"

"Popo wapi, daktari?" wifi akadakia. "Mdogo wangu ni mkandarasi."

Mama Ngazi akashusha pumzi. "Wifi, uniwie radhi. Daktari, ni fundi wa dari. Popo ndio majirani zake."

Akaeleza yote. Ulikuwapo ukumbi mmoja wa zamani, ulifungwa muda mrefu, wakaitwa kubadilisha dari. Walipofungua bodi ya kwanza kinyesi cha popo kilimwagika kama mtu amepasua gunia la pumba. Kimbaumbau alijifunga kitambaa puani na mdomoni, akapanda. Lakini kwa kile kitambaa sauti yake haikutoka. Ikawa anaongea, chini hasikiki. Mama Ngazi anagonga, anajibiwa, anagonga tena, mpaka akachoka na hofu ikampanda. Mbao za ukumbi ule zilikuwa zimeoza vibaya.

"Nikamwambia avue," alisema. "Nikamwambia, sikusikii, shusha hicho kitambaa. Akashusha. Siku zote zile alifanya kazi uso wazi, ili mimi nimsikie."

Wifi akageuka kumtazama.

Daktari alikuwa ameshatoa kalamu. "Kuna fangasi anaishi kwenye kinyesi cha popo," alisema. "Ukivuta vumbi lake anaingia mapafuni, halafu anasambaa. Nitarudisha uboho maabara wamtafute yeye hasa." Alipofika mlangoni akageuka. "Na kitambaa cha kawaida, mama, kisingemzuia sana. Ni wadogo mno wale."

Mama Ngazi hakujua kama hiyo ilikuwa kweli au alikuwa anafarijiwa. Aliamua kuichukua hivyo hivyo, maana bila hiyo asingeweza kusimama.

Fangasi alionekana. Daktari alipoleta habari hiyo alikuja na kitu kama furaha usoni, na Mama Ngazi akamuuliza swali alilokuwa amelibana siku zote zile. "Atapona?"

"Nikisema ndiyo nitakuwa nakudanganya," daktari akajibu. "Kwa watu wazima wenye ugonjwa huu, tukiwachukua wote kwa jumla, karibu nusu tunawapoteza. Wenye saratani wanafanya vibaya zaidi. Mwenye maambukizi yanayotibika, kama yeye, ana nafasi nzuri kuliko hao. Lakini amechelewa, damu yake iko chini sana, na umri nao si wa kijana. Siwezi kukuahidi. Nitakachokuahidi ni kwamba sitakuficha."

"Hilo linanitosha," akasema Mama Ngazi. Halikumtosha hata kidogo. Alitoka nje akaegemea ukuta wa jiko la hospitali, akalia mpaka akapata kwikwi, akanawa uso bombani, akarudi.

Matibabu yakawa mawili kwa pamoja: dripu ya kumuua fangasi, na steroidi za kuwatuliza wale askari waliopagawa. Na hapa ndipo mambo yalipogeuka kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia. Homa ikashuka kama imekatwa na kisu. Mama Ngazi alikuwa anamfuta uso, akagonga chuma cha kitanda kwa mazoea tu, bila tumaini. Mkono mwembamba ukanyanyuka kutoka kwenye shuka, ukagonga, ko ko. Alishika ule mkono akakaa nao.

Kesho yake Kimbaumbau aliomba uji. Keshokutwa aliomba na mkate, na wa jirani pia kama mwenyewe hautaki. Steroidi zile zilimpa njaa ya mtu aliyetoka kulima, na mdomo ukarudi na deni la siku zote alizonyamaza. Akaiona ile bodi yenye doa, akamwita nesi kumweleza kwamba aliyeifunga apokonywe nyundo. Wodi nzima ikawa inacheka.

Basi wifi naye akaja asubuhi moja na shati lililopigwa pasi, soksi, na viatu vilivyong'arishwa. "Mtu amepona," akatangaza, vitanda vyote visikie. "Anakula, anacheka, homa hana. Anafanya nini tena humu? Watu wanaingia na ugonjwa mmoja wanatoka na mitatu. Nimeshaandaa chumba kwangu."

"Naam, dada," akasema Kimbaumbau, na tayari alikuwa ametoa miguu kitandani. "Niondoeni hapa. Daktari amesema nikitaka kutoka kwa hiari yangu hawezi kunifunga kamba."

"Amesema na lingine," Mama Ngazi akamwambia. "Amesema iliyoshusha homa ni dawa. Ataanza kuipunguza kesho, ndipo ajue."

"Ajue nini? Mimi ndiye mwenye mwili. Najisikia mzima."

"Ngazi yetu iko wapi?"

Kimbaumbau akamwangalia. "Ngazi gani?"

"Tuna ngapi? Iko wapi?"

"Iko kwa Mwalimu."

"Kwa nini hujaitoa? Si uliziba? Si pakavu pale?"

Alimtazama dada yake na lile shati, akamtazama tena mkewe. "Mvua haijanyesha," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa.

"Basi rudisha miguu kitandani."

Alirudisha, lakini alinuna, akageukia ukutani, akawapa kisogo wote wawili. Wifi ndiye aliyewaka. Alimvuta Mama Ngazi mpaka kwenye korido, na pale, kwa mara ya kwanza maishani mwake, aliongea kwa sauti ya chini. "Wewe ndiye uliyemvua kitambaa," alisema. "Na sasa wewe ndiye unayemzuia kutoka. Akifia humu ndani, wifi, mimi na wewe tutajuana." Kisha akaondoka na shati lake.

Maneno yale yalimwingia Mama Ngazi mpaka kwenye mfupa. Hakuwa na uhakika wowote. Alikuwa na utaratibu wa kazi ya dari na neno la daktari asiyeahidi, basi, na juu ya hivyo viwili alikuwa ameweka maisha ya mtu. Akafikiri amfuate wifi amwambie haya, mchukue. Alipiga moyo konde akarudi akakaa kwenye kiti.

Daktari alipunguza dawa. Siku ya kwanza shwari. Siku ya pili Kimbaumbau alikula nusu sahani, akasema amechoka na chakula cha hospitali. Siku iliyofuata, mchana kweupe, jua liko dirishani, alianza kutetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Homa ikapanda pale pale ilipokuwa. Damu ikamtoka puani haikatiki. Lakini daktari alikuwa wodini, na damu ya kumwongezea ilikuwa tayari. Wakarudisha dawa juu, wakamkimbiza chumba cha mwisho, cha wagonjwa wanaoangaliwa kwa karibu. Angekuwa kwa wifi, nyuma ya duka la vitambaa, wangekuwa bado wanatafuta gari.

Daktari hakuficha. "Sasa ndipo tumefika kwenye hatari yenyewe," alisema.

Zilikuwa siku mbaya. Mama Ngazi aligonga chuma cha kile kitanda mpaka ngozi ya kidole ikachubuka, na hakujibiwa. Wifi alikuja akasimama mlangoni, akaangalia mipira na chupa, akaangalia kidole cha wifi yake. Hakuomba msamaha, si mtu wa kuomba. Alivua kitenge chake akakitandika kwenye benchi la nje. "Nenda kajinyooshe," alisema. "Nitagonga mimi." Na akagonga, kwa pete yake nene, kwa nguvu kiasi kwamba nesi alikuja kumwambia mama, mgonjwa ana homa, si kiziwi.

Pengine ni ile pete. Kimbaumbau alipofumbua macho neno lake la kwanza lilikuwa, "Dada, utaivunja hospitali."

Safari hii dawa ilipunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki na wiki, na homa haikurudi. Alipotoka alikuwa anashika kuta, uso umevimba kwa zile steroidi na miguu imebaki mifupa. Daktari akawapa vidonge vya fangasi vya kumeza karibu mwaka mzima. "Miezi ya mwanzo ndiyo mibaya zaidi," alisema. "Kila mwezi ukipita salama, nafasi inakuwa nzuri zaidi. Homa ikija hata ndogo, msiipoze kwa vidonge vya dukani. Mleteni."

"Kwa hiyo amepona?" wifi akauliza.

"Sijasema hivyo."

"Hajasema hivyo," Mama Ngazi akamwambia wifi. "Hata sisi tunawaambia wateja hivyo hivyo."

Mvua ilinyesha. Ilinyesha usiku kucha ikaendelea asubuhi, na kabla haijakatika simu ya Mama Ngazi ikalia. Alikuwa Mwalimu. Dari kavu kabisa, alisema, hata unyevu hakuna, na sasa kwa heshima zote waje waondoe ngazi yao, maana goti lake lina alama ya kila kidato.

Kimbaumbau akasema anakwenda. Mkewe akamwambia abaki, atatafuta mtu. "Ile ngazi haijawahi kubebwa na mtu wa nje," alijibu, na alikuwa ameshavaa kofia.

Siku zote yeye ndiye alibeba mbele, mke nyuma, na kwa miaka yote ile Mama Ngazi alikuwa anatembea akiangalia kisogo chake. Sebuleni kwa Mwalimu, Kimbaumbau alishika upande wa mbele, akaunyanyua kidogo, ukamshinda. Akaushusha, akapita pembeni akaenda nyuma, kwenye upande mwepesi. Mwalimu alijifanya anatafuta miwani.

Wakatoka hivyo, mke mbele, mume nyuma, ngazi begani. Aliye mbele hawezi kugeuka, akigeuka ngazi inafagia watu wa barabarani. Kwa hiyo Mama Ngazi hakumwona. Alisikia viatu vyake kwenye matope, na pumzi. Mwanzoni alikuwa anasema kata kushoto, angalia dimbwi. Baada ya kona ya pili akanyamaza. Viatu vikawa vinaburuzika. Halafu hata viatu hakuvisikia, na uzito ukasimama.

Mama Ngazi alisimama. Gari lilipita, likapiga honi, hakuligeukia. Alikunja kidole akagonga ubao wa ngazi karibu na sikio lake, ko ko.

Alisubiri. Alisubiri kuliko alivyowahi kusubiri chini ya dari yoyote.

Ubao ukatetemeka begani mwake, mara mbili. Kisha kule nyuma, kwa sauti ya mtu aliyeishiwa pumzi, Kimbaumbau akaanza kumlalamikia aliyejenga ile barabara, na mkewe akaanza tena kutembea, polepole, akimsikiliza.